Mjomba, ripoti zinang'aa lakini mabegi hayatoki

Shikamoo Mjomba,

Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wenzangu wenye biashara ndogo, na leo nimejikaza niandike la kwangu.

Mimi nashona mabegi. Nilianza na cherehani moja, mabegi ya mgongoni ya wanafunzi, kisha nikaongeza mikoba ya kina mama. Sasa tuko watano karakana. Wateja karibu wote wanatupata mitandaoni: wanaona picha Instagram au Facebook, wanaulizia bei kwenye komenti, tunamalizana WhatsApp. Biashara niliipa jina Tumaini, kwa sababu siku naanza hicho ndicho nilichokuwa nacho.

Miezi mitano iliyopita mdogo wangu wa mwisho, ambaye ndiye anayeshika simu na kompyuta ya biashara, aliniambia tunafanya kazi gizani. Akanionyesha programu ya kufuatilia mitandao ya kijamii. Unaiandikia maneno, inayasaka usiku na mchana, na kila mtu anapoyataja inakupigia kengele. Kila Jumatatu inatoa ripoti ya rangi: umetajwa mara ngapi, wangapi wamekusema vizuri, wangapi vibaya. Nikakubali, tukaanza kulipia kifurushi cha kila mwezi.

Mjomba, ripoti zenyewe ukiziangalia zinapendeza. Ya mwezi uliopita ilisema tumetajwa mara 1,200 na kwamba asilimia 68 ni maneno mazuri. Mdogo wangu anafurahi. Mimi nikifungua daftari la mauzo naona idadi ya mabegi ni ileile ya kabla hatujaanza kulipia. Na usingizi sina tena. Simu inalia saa sita usiku, naruka kitandani, kumbe mtu kaandika "tumaini langu ni kwa Mungu".

Lililonivunja moyo ni hili. Mteja mmoja, mama wa watoto wawili, aliandika chini ya picha yetu: "Hongereni sana kwa mabegi mazuri, la mwanangu zipu imekufa siku ya tisa." Programu ikaliweka neno hilo kwenye fungu la pongezi. Hatukuliona kwa siku kumi na moja. Nilipokuja kuliona, watu zaidi ya thelathini walikuwa wameshachangia, na wanne kati yao wana tatizo hilohilo la zipu. Ilikuwa usiku, nimechoka, nikamjibu kwamba mwanawe alijaza vitabu kupita kiasi. Watu wakapiga picha ya skrini, ikazunguka hadi kwenye magrupu nisiyoyajua.

Sasa mdogo wangu anasema dawa ni kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Tena anataka afungue akaunti yenye jina la uongo aingie kwenye grupu la WhatsApp la wateja wa mshindani wetu, asikie wanachozungumza. Moyo wangu unakataa, lakini sina hoja ya kumpa. Yeye ndiye aliyesomea mambo haya. Je, niongeze kifurushi au niachane nayo kabisa? Hizi zana zinakuza biashara kweli? Na zile komenti nizifute?

Ni mimi mpwa wako,
Mshona Mabegi

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama palepale: wanne kati yao wana tatizo hilohilo la zipu. Ukimhesabu na yule mama, ni watu watano. Watu watano wamekwambia hadharani, bila kukudai hata senti, kwamba zipu unazonunua zina kasoro au namna mnavyozishona ina kasoro. Umenieleza kuhusu ripoti, kengele, kifurushi na mshindani. Hukunieleza kama umeshaishika zipu yenyewe ukaiangalia. Sikusemi kwa ubaya. Nimefanya kazi ya kusikiliza wateja miaka mingi na nimeliona hili kwa watu wenye akili sana: mtu anaweka masikio kila kona, kisha neno likimfikia hana mkono wa kulipokea.

Kwa hiyo jibu la swali lako kubwa ni kwamba zana haikuzi biashara. Kinachoikuza ni yale unayoyabadilisha karakana baada ya kusikia. Zana inaweza kukufikishia neno mapema, basi, na hiyo si kazi ndogo ikiwa kuna mtu anayelisubiri.

Kuna kisa ninachopenda kuwasimulia wenye biashara. Mwaka 2005 mwandishi wa Marekani, Jeff Jarvis, alinunua kompyuta ya Dell ikamsumbua, na huduma ya baada ya mauzo ikamsumbua zaidi. Akaanza kuandika hadharani, na watu wenye mikasa kama yake wakajazana kumuunga mkono. Mwaka 2006 Dell iliunda timu ya kuwatafuta wanaolalamika mtandaoni na kuwatatulia shida zao mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2007 Jarvis huyohuyo aliandika makala kueleza jinsi kampuni hiyo ilivyojifunza kusikiliza. Chumba chao maalumu cha kufuatilia mitandao, chenye skrini ukutani, kilifunguliwa Desemba 2010. Tazama nini kilitangulia. Watu wa kutatua shida walikuwa kazini miaka minne kabla ya skrini kuwashwa. Wewe umeanza na skrini, na ndiyo maana unaona unalipia mapambo.

Sasa tuje kwenye ripoti, maana mdogo wako anaiamini na sitaki ubishane naye kwa hisia. Mwambie mkae pamoja nusu siku. Chukueni mitajo mia moja kati ya ile 1,200, ya mfululizo, bila kuchagua. Isomeni mmoja mmoja kwa macho. Kwa kila mmoja jibuni maswali mawili: je, unahusu mabegi yetu? Na je, programu imeuweka fungu sahihi? Nitashangaa sana kama hata nusu itakuwa yenu. Jina Tumaini ni zuri, ila ni neno ambalo watu hulitumia kila siku kwenye sala, salamu za rambirambi, mahubiri na majina ya watoto. Programu haijui tofauti. Msisake neno hilo peke yake. Liambatanisheni na neno jingine: "mabegi ya Tumaini", "Tumaini mabegi", "begi la Tumaini", kila kifungu ndani ya alama za kunukuu ili kisakwe kama kilivyo. Zana nyingi zinakubali pia kuambiwa maneno ya kuyaacha. Wekeni humo Mungu, kwaya, sala na mengine yatakayojitokeza mkisoma ile mia. Kengele za saa sita usiku nyingi zitanyamaza siku hiyohiyo.

Swali la pili, la fungu sahihi, ndilo lililokuumiza. Kompyuta kuamua kama maneno ni mazuri au mabaya ni kazi ngumu hata kwa Kiingereza, na kwetu ni ngumu zaidi. Mteja akiandika "mmetisha", "mmeua", "hii mikoba ni hatari" au "noma sana", anakumwagia sifa, ila mashine iliyofundishwa lugha nyingine inaweza kuona vitisho, mauaji na hatari. Upande wa pili, mtu wetu aliyelelewa vizuri akilalamika huanza na heshima: hongereni, poleni na kazi, samahani kuwasumbua. Lawama yenyewe inakuja mwishoni, tena kwa sauti ya chini. Yule mama alifanya hivyo hasa. Mashine ilikutana na "hongereni" na "mazuri" ikaridhika. Mwaka 2023 watafiti walitoa mkusanyiko uitwao AfriSenti, wenye zaidi ya tuwiti 110,000 katika lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwamo, zilizosomwa na kupangwa na wenye lugha zao. Ni kazi ya maana sana kwetu, na tarehe yake inakuonyesha jinsi safari hii ilivyo changa. Ile asilimia 68, mpwa wangu, usiifanyie uamuzi wowote. Kwa biashara ya watu watano, wa kusema kama neno ni zuri au baya ni wewe.

Lugha yetu ina ugumu mwingine ambao wauzaji wa zana hizi huwa hawausemi. Kiswahili hubadilika mwanzoni mwa neno. Zana zinazokuruhusu kuweka nyota (*) badala ya herufi ili zikamate aina zote za neno kwa kawaida huiweka mwishoni, na hapo Kiswahili kinaponyoka: limechanika, yamechanika, lilichanika, umenichanikia. Hata kukanusha kwetu kumo ndani ya kitenzi. Anayesaka malalamiko ya mizigo hana neno moja la kusaka. Ana sijapata, hatujapata, haujafika, haijafika, hawajibu, hampokei simu. Na vijana wanaandika cjapata, hawajib, 2nasubiri. Hakuna njia ya mkato. Kaa na mafundi wako, mkumbuke kila namna mteja alivyowahi kuwalalamikia, kwa maneno yake mwenyewe na makosa yake ya tahajia, mwandike orodha. Zipu imekufa. Zipu imeng'oka. Zipu haifungi. Mkanda umekatika. Rangi imetoka. Orodha hiyo ya karatasi mbili itakufaa kuliko kifurushi anachokitaka mdogo wako, kwa sababu ukiwa nayo hata kisanduku cha kawaida cha kutafutia ndani ya Facebook kinaanza kukupa kitu.

Ukishaizoea, geukia kule ambako biashara inakua. Karibu kila ninayemwona anafuatilia jina lake. Lakini mtu anayetaja jina lako tayari anakujua. Mteja mpya hakujui. Anaijua shida yake. Anaandika "naombeni mnielekeze anayeshona mabegi imara", "begi la mtoto halimalizi muhula", "natafuta mkoba unaoingia kompyuta", "nani ana namba ya fundi". Hao ndio wa kuwasaka. Na ukimpata mmoja usimrukie na tangazo. Jibu alichouliza. Akiuliza kitambaa gani kinavumilia mvua, mweleze kitambaa, mwambie wewe ni mshonaji, acha akufuate akitaka. Kuna biashara zinamwaga ujumbe uleule chini ya kila posti yenye neno "begi"; wanafungiwa akaunti na mitandao yenyewe, na watu huwakumbuka kwa kero.

Fungu la tatu la kusikiliza ni mshindani, na hapa namjibu mdogo wako moja kwa moja. Kijana wangu, unachokitafuta ndani ya lile grupu kimelala wazi nje. Fungua ukurasa wa mshindani, soma komenti zilizo chini ya picha zake za miezi sita. Utakuta watu wameuliza mara kumi kama kuna mkanda mrefu zaidi, kama kuna rangi nyingine, kwa nini ujumbe haujibiwi. Yale maswali yasiyojibiwa ndiyo nafasi yenu. Hayo ameyaweka hadharani kila mtu ayasome, na kuyasoma si dhambi. Grupu la WhatsApp ni nyumba yenye mlango. Watu wameingia humo wakijua nani amewakaribisha, wanaandika namba zao, wengine wanaeleza wanapoishi ili wapelekewe mzigo. Ukiingia kwa jina la uongo umewadanganya wote kwa pamoja, na wao si washindani wako; ndio haohao unaotaka wawe wateja wako kesho. Siku jina likijulikana, na magrupu hayana siri, utaombaje wakuamini kuhusu zipu? Ndiyo hoja dada yako aliyokuwa akiitafuta, na nakuomba uiheshimu.

Isitoshe, kifurushi kikubwa hakitakufikisha humo. Tangu Aprili 2016 mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa kwa usimbaji kutoka mwisho hadi mwisho; kampuni yenyewe haiwezi kuyasoma, sembuse programu unayolipia kwa mwezi. Facebook na Instagram nazo zilibana sana milango yao kwa programu za nje mwaka 2018, baada ya kashfa ya Cambridge Analytica, kampuni iliyochukua taarifa za mamilioni ya watumiaji wa Facebook bila idhini yao. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maneno yanayouza au kuua mabegi yenu inasemwa mahali ambapo hakuna zana inayofika. Njia ya kuyapata ni ya kizamani: kuuliza. Kila anayenunua aulizwe "umetusikia wapi?" na jibu liandikwe. Kila aliyenunua atumiwe ujumbe baada ya wiki tatu, wa mstari mmoja, kuuliza begi linaendeleaje. Si baada ya siku moja, kila begi ni jipya siku ya kwanza. Zipu zenu zinakufa siku ya tisa; ungekuwa na desturi hii huenda wanunuzi wa kabla ya yule mama wangeshakwambia, kabla habari haijafika kwenye komenti.

Kuhusu kulipia: simamisha kwa sasa. Sisemi zana za kulipia hazina maana kabisa. Kubwa kama Brandwatch na Talkwalker zilijengwa kwa makampuni yanayotajwa mfululizo na yenye watu walioajiriwa kusoma tu. Wewe mitajo yako ya kweli nadhani utakuta inasomeka kwa chai moja. Kwa miezi mitatu fanyeni kwa mkono. Wekeni Google Alerts, ambayo ni ya bure na ipo tangu 2003, kwa vile vifungu vyenu vya jina. Haingii sana ndani ya mitandao ya kijamii, ila itakujulisha mkitajwa kwenye tovuti na magazeti. Washeni taarifa za komenti na za kutagiwa ndani ya Instagram na Facebook zenyewe. Mengine sakeni kwa ile orodha. Mkifika mahali ambapo mtu mmoja akisoma saa nzima kwa siku hamalizi, hapo zana ya kulipia itakuwa inakuokolea muda, na utajua uitake ifanye nini.

Na kumbukumbu zenu ziwe zenu. Wapo waliokuwa wameweka kila kitu ndani ya CrowdTangle, zana ambayo Facebook iliinunua 2016. Ilifungwa tarehe 14 Agosti 2024. TweetDeck, zana ya kufuatilia Twitter, ilitumika bure miaka mingi, mwaka 2023 ikageuzwa ya kulipia. Zana ni ya mwenyewe na anaweza kuifunga atakapo. Mnachokisikia kiandikeni kwenye daftari: tarehe, mteja alisema nini kwa maneno yake, nani amepewa alishughulikie, kimefanyika nini na lini. Majina ya watu na namba zao zisizagae humo, herufi moja ya kumkumbukia inatosha. Safu ya "kimefanyika nini" ndiyo utakayoisoma Jumatatu mbele ya mafundi wote. Ikiwa tupu wiki mbili mfululizo, mmeacha kusikiliza hata kama kengele zinalia.

Simu yako izime saa tatu usiku. Asubuhi nusu saa ya kusoma na kujibu, jioni nusu saa nyingine, basi. Kosa lako la kumjibu yule mama halikutoka kwenye roho mbaya. Lilitoka kwenye uchovu, na anayelala hajibu komenti. Mkubaliane pia kwamba lawama yoyote mbele za watu haijibiwi na aliyeumia nayo peke yake. Andika, mpe mmoja asome, ndipo utume.

Zile komenti usizifute. Picha za skrini zipo kwa watu, ukifuta utaonekana unaficha, na wale wanne wenye zipu zilizokufa watapoteza mahali pekee walipokupata. Acha kila kitu kilivyo, pamoja na jibu lako baya. Kesho asubuhi, kabla ya lolote, chukua mabegi matano ya aina ile, fungeni na kufungua zipu mara mia mbili kila moja na fundi wako akiangalia, mjue inafia wapi: kwenye meno, kwenye kichwa chake au kwenye mshono. Kisha andika chini ya komenti ya yule mama, kwa jina lako, kitu kama hiki:

"Mama, mimi ndiye mwenye karakana. Nilikujibu vibaya, na kosa halikuwa la mwanao. Tumezijaribu zipu hizi wenyewe na tumeona tatizo lilipo. Naomba nikutumie ujumbe ili tuje kulichukua begi, tulitengeneze au tukupe jingine bila malipo. Na wengine wanne mlioandika hapa, nanyi pia."

Usiongeze emoji wala picha ya bidhaa mpya. Ukishatuma, mpigie simu aliyekuuzia zipu.